Mutoto, Ambia Papa Yako

Mama wa mke wangu hajawahi kuniona nikila, wala mimi sijawahi kumtazama usoni hata dakika moja nzima. Ndivyo ilivyo kwa watu wa Kasai: mume wa binti na mama wa binti hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaitani. Kukiwa na jambo la lazima wanaambiana kupitia mtu wa tatu, hata kama wote wamo chini ya paa moja na kila mmoja anasikia. Sisi wa kaskazini ya Katanga, wajukuu wa watu wa reli, nasi tuna heshima ya ukwe, ila yetu ina nafasi ya kupumua. Unaweza kusalimia, ukataniwa kidogo, ukapokea sahani. Ya kwao haina mchezo. Siku nilipoenda kujitambulisha nilimnyooshea mama yule mkono, kwa adabu zangu zote za shule ya mapadri, naye akageuka akaingia jikoni, asitoke tena mpaka tulipoaga. Mchumba wangu alicheka njia nzima. Mimi nilikasirika, maana ni mtu wa kukasirika haraka, nikaapa sitarudi kwa watu wasiopokea mkono. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimesharudi.

Miaka minne baadaye tulikuwa tunakaa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, nyumba ya chumba na sebule, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na moja. Mke wangu ni muuguzi. Alimaliza masomo kabla hatujaoana, akakaa bila kazi mpaka akaacha hata kuvitoa vyeti vyake kabatini. Mimi kazi yangu ni kuchapa: nina kompyuta na mashine ya fotokopi kwenye kibanda katikati ya mji, watu wananiletea barua zao, maombi ya kazi, vitabu vyao vya mwisho wa masomo. Barua ya mke wangu ya kuomba nafasi kwenye kituo cha afya kule Kasomeno, barabara ya kwenda Kasenga, niliichapa mimi mwenyewe. Nilirekebisha hata Kifaransa chake. Walijibu kwamba wanamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwamba akiacha zamu katika miezi hiyo nafasi itapewa mwingine. Siku hiyo nilinunua kuku.

Mama yake hakuifurahia habari hiyo. Alimwambia binti yake kwamba mwanamke hamwachi mtoto anayenyonya akaenda kudunga sindano watoto wa wengine. Nilipofikishiwa maneno hayo nilijibu kwamba mtoto nitabaki naye mimi, kwani mimi si baba? Nilisema kwa sauti kubwa. Ilikuwa rahisi kusema, mke wangu alikuwa bado yumo ndani, anakunja nguo.

Alipoondoka niligundua kwamba sijui kupika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja. Kila jioni ilibaki nusu sufuria, na kila asubuhi niliitupa. Jirani, mama mmoja mwenye wajukuu, alikuwa anamshika mtoto mchana. Saa kumi na moja nilimchukua, nikampa uji na maziwa ya kopo, nikamwogesha, halafu tukabaki tunatazamana. Nilianza kumsimulia mambo kwa sentensi ndefu: wateja wasumbufu, wino ulioisha, mwanafunzi aliyetaka nimwandikie kitabu chake chote. Alikuwa anasikiliza vizuri kuliko watu wengi. Mke wangu alipiga simu Jumapili mchana tu, baada ya zamu. Siku nyingine zilikuwa ujumbe mfupi. Mtoto amekula? Amekula. Mtoto amelala? Amelala. Hakukuwa na swali juu yangu, na mimi sikuandika neno juu yangu. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa na haya ya kuwa mpweke, kwa sababu barua niliichapa mwenyewe.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inauma asubuhi na vumbi limejaa hewani, nilimpokea mtoto kwa jirani akiwa anakohoa. Pua imeziba, kifuani kunakoroma kama chungu kinachoanza kuchemka. Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kabla ya hofu, ilinijia furaha. Niliwaza, sasa atarudi. Wala sitamwita, nitamwambia tu ukweli kwamba mtoto anaumwa, na yeye mwenyewe atapanda gari. Nafasi yake itakwenda, lakini nani atanilaumu? Nilitembea na mtoto begani huku nikiyapanga maneno ya kumwambia, nikayapanga vizuri, kazi yangu ni maneno ya watu. Nilipofika mlangoni nikaona aibu. Ulipokuja ujumbe wa jioni niliandika kwamba amekula na amelala.

Jumamosi sikufungua kibanda. Nilimpeleka mtoto zahanati, wakamsikiliza mgongoni na kifuani, wakasema mapafu ni safi, ni mafua na makohozi tu. Nimpe cha kunywa kidogo kidogo, nimsafishe pua. Nikiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au akikataa kabisa kunywa, nirudi mbio. Habari ya mbavu mke wangu alikuwa ameshanifundisha. Basi kutwa nzima nilikuwa namfunua nguo kutazama mbavu, mpaka nikafahamu kwamba anayemtia baridi ni mimi.

Jumapili asubuhi mkoromo ulikuwa umezidi. Mbavu zilikuwa zimetulia, lakini chupa ilimshinda: anavuta mara mbili, pua haipitishi hewa, anaiachia, analia kwa njaa na hasira. Nikachukua dawa ya kupaka ya mentoli, ile ninayojipaka mgongo nikitoka kazini, nikampaka chini ya pua, na si kidogo. Mtoto alibana pumzi. Macho yakajaa machozi, mdomo wazi, hakuna sauti. Ilikuwa kitambo kifupi tu kabla hajalia. Nilimfuta kwa mkono wa shati langu, nikasema basi, inatosha, nampigia mama yake sasa hivi. Simu ilikuwa sebuleni inachajiwa. Nilikuwa bado sijaifikia niliposikia nje mtu anasema "Moyo", salamu ya Kasai, nikaijua sauti ya mama mkwe.

Jirani yangu anasali kanisa moja na mama mkwe. Ibada ya kwanza ilikuwa imekwisha, na habari zilikuwa zimekwenda zenyewe. Nilijua amekuja kufanya nini. Atamchukua mtoto kwake Katuba, atampigia binti yake mbele ya wanawake wenzake, na mke wangu atarudi moja kwa moja, na tangu siku hiyo kila kikao cha ukoo kitaanza na habari ya mwanamume aliyeshindwa kushika mtoto. Kutaka arudi nilitaka. Lakini si hivyo, si kwa mkono wa huyu mama.

Nikarudi chumbani na mtoto, nikashusha pazia. Kisha nikafanya jambo la kitoto ambalo mke wangu alipokuja kulisikia alicheka mpaka akakaa chini. Nilivua shati. Chumba chetu hakina mlango, kina pazia tu, lakini mama wa Kasai hawezi kuingia alimo mkwe wake kifua wazi. Nikakaa kitandani na mtoto mapajani, nikingoja aone haya aende zake.

Aliingia sebuleni, akakaa. Nilisikia kiti. Labda alikuwa anatafuta mtu wa kumtuma. Katika hali kama hii huitwa mtoto wa jirani akabeba maneno, lakini majirani wote walikuwa kwenye ibada ya pili. Mtu wa tatu katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa na meno manne.

"Mutoto," mama mkwe akasema kutoka sebuleni, "ambia papa yako akulete hapa kwa kaku."

Kaku ni bibi. Mtoto alinitazama, kamasi limefika mdomoni.

"Mutoto," nikasema, nikiongeza ba ya heshima, "ambia ba kaku, papa iko bila shati."

Nadhani alielewa papo hapo kwamba shati halikujivua lenyewe. Mtoto akakohoa kikohozi kile cha kukwangua, na bibi yake akajibu kana kwamba kikohozi ndicho kilichosema naye.

"Aya. Mutoto, ambia papa yako, kama anakatala kukuleta, kazi ya kaku ataifanya yeye."

Tangu hapo nilikuwa mtumwa wa mtu nisiyemwona. Alimwambia mtoto aniulize nimempaka nini, maana harufu ilikuwa imemfikia mpaka sebuleni. Nilipomjibu, kupitia mtoto, alivuta pumzi kwa nguvu, akasema nipanguse yote kwa kitambaa chenye maji, puani, kifuani, na kwenye mikono yangu, na dawa ile niitupe nje kupitia dirisha. Akasema na dirisha lenyewe libaki wazi kiasi cha kiganja. Kisha nikamsikia uani akiwasha makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko la bati, akivunja matawi ya mkalitusi ulio nyuma ya ukuta. Sufuria ilipochemka aliileta mpaka kwenye pazia, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua nyingi, akakohoa ili nijue njia ni nyeupe. Nilinyoosha mkono nikaivuta. Kupitia mtoto nikaambiwa niiweke sakafuni, mbali kuliko urefu wa mguu wa mtoto na mkono wangu vikiunganishwa, ili mvuke umfikie na maji yasimfikie, na nisimfunike nguo kichwani kama wanavyofunikwa wakubwa.

Tulikosana mara moja. Alisema kuna asali kwenye mkoba wake, alambe kidogo kwenye kidole. Nikamwambia mtoto amwambie kaku kwamba mama yake amekataza asali mpaka mwaka utimie. Nilijiandaa kwa vita. Akauliza, kupitia mtoto, kama ni yule mama muuguzi aliyesema hivyo. Nikasema ndiye. Asali ikabaki mkobani, na hakuitaja tena.

Ilifuata chumvi. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi ya ncha ya kijiko, tone moja kila tundu la pua. Mtoto alipiga chafya, akapiga kelele, lakini kamasi lilikuwa zito, lilisogea bila kutoka. Nikaeleza hivyo.

"Mutoto, ambia papa yako akunyonye pua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba mtoto aulize tena.

"Na kinywa," akasema. "Anyonye, ateme. Pole pole."

Nilikuwa nimemwona mama yangu akiwafanyia hivyo wadogo zangu, na kila mara niligeuza uso. Ni kazi ya mama. Sijawahi kumsikia mwanamume akitajwa humo. Nikamwambia mtoto amwambie kaku kwamba duka la dawa wana kipira maalumu cha kuvutia kamasi. Akajibu kwamba leo Jumapili, duka limefungwa, na kinywa cha papa kiko wazi tangu asubuhi. Nilimlaza mtoto mkononi, nikafumba macho, nikaweka mdomo juu ya pua yake ndogo, nikavuta.

Ilikuwa chumvi na uvuguvugu, basi. Nilitema kwenye kikombe, nikarudia upande wa pili. Mtoto alinipiga usoni kwa mikono yote miwili. Kisha akafunga mdomo, na nikasikia hewa inapita puani mwake, sauti nyembamba ya mluzi, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Nikamtia chupa. Alinywa mpaka chini bila kuiachia, jicho moja likinitazama kwa chuki. Nililia kidogo. Sikumtuma mtoto kuripoti hilo, lakini pazia ni pazia tu, nadhani lilisikika.

Baadaye chupa ndogo ya mafuta ya kokwa za ngazi, tunda la mchikichi, ikasukumwa chini ya pazia, yale meusi yenye harufu ya moshi. Niyapashe viganjani, nimsugue kifua na mgongo, halafu nimweke wima juu ya kifua changu na kumpigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kidogo.

"Na shati," akasema, "ambia papa yako asivae. Mutoto analomba ngozi ya papa."

Kama alicheka, alicheka kimoyomoyo. Nilikaa nimeegemea ukuta, mtoto kifuani, blanketi juu ya mgongo wake, nikipigapiga. Koo likakoroma, likakohoa, likatulia. Uani hakukuwa na sauti ila makala. Kwa wiki saba hakukuwa na mtu mzima ndani ya nyumba ile mchana wa Jumapili isipokuwa mimi, na sasa alikuwepo mmoja, hatua nne kutoka kwangu, na sikuruhusiwa kumwona. Nilitamani aendelee kuniamuru kitu.

Akasema tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka, nusura isinifikie.

"Mutoto, ambia papa yako, mi nilikuwa mwalimu. Kule Mbuji-Mayi, première année, darasa ya kwanza. Mama yako alikuwa na miezi kama yako, akashikwa na kifua kama hii. Banatuma muntu kuniita, nikaacha darasa. Kisha siku tatu mutoto alikuwa muzima. Nikarudia kwa masomo, nikakuta mwengine njo anafundisha kwa nafasi yangu."

Mke wangu hakuwahi kuniambia kwamba mama yake alifundisha. Sidhani kama anajua kikohozi kilikuwa cha nani. Nikamwambia mtoto, aliyekuwa ameshasinzia, amuulize kaku kwa nini basi alimkataza binti yake kwenda. Nilisikia akitoka uani kuchochea makala ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Simu ikalia sebuleni. Ilikuwa saa ya mke wangu. Mimi nilikuwa nimenasa ukutani na mtoto amelala juu yangu, nikasikia mama mkwe anarudi ndani, anaichukua. Sauti ya mke wangu ilinifikia nyembamba, bila maneno, mlio tu wa mtu ninayemfahamu, na ilinichoma kuliko nilivyotegemea.

"Apana, mi nilipita tu kusalimia," mama mkwe akamwambia. "Mutoto analala. Iko juu ya kifua ya bwana yako." Akasikiliza. "Anajua, ndiyo. Anajua muzuri."

Kisha mkono wake ukaingia chini ya pazia, na simu. Ndiyo mara pekee niliyouona mkono ule kwa karibu: vidole vilivyokauka kwa majivu, pete iliyoingia ndani ya nyama. Aliiacha simu sakafuni, akaisukuma kwa kidole. Niliifikia kwa mguu, naye akarudi uani kukoroga sufuria nyingine.

Mke wangu alikuwa anacheka. Aliuliza mama yake anafanya nini kwetu, na mimi nimejificha wapi. Nikamweleza ukweli wote kwa sauti ya chini: tangu Ijumaa, pua, kifua, zahanati, mentoli, chumvi, na kwamba sasa anapumua kwa pua na amenywa chupa nzima. Hakucheka tena. Aliniuliza juu ya mbavu. Aliniuliza juu ya joto. Halafu nikasikia nyuma yake watu wa soko la Kasomeno wakiitana, na jogoo.

"Nikuye?" akauliza, yaani aje nyumbani. "Kuko motoka inatoka kesho asubui."

Yale maneno niliyoyapanga Ijumaa yalikuwepo bado, hayakupungua hata moja. Nilihitaji kusema moja tu, na hata lisingekuwa uongo: mtoto anaumwa. Angekuwa mlangoni kesho kabla ya saa sita mchana, na bukari ingekuwa ya watu wawili. Nilimtaka mke wangu. Nilimtaka kwa namna ambayo mwanamume haambii pazia, sembuse mama mkwe aliye nyuma yake. Uani kijiko kilikuwa kimeacha kugonga sufuria.

"Apana," nikasema. "Bakia. Mutoto iko muzuri."

"Aya," akasema.

Akanikumbusha maji ya chumvi kabla ya kila chupa. Akasema kuna mama analetwa kwa uchungu wa kuzaa, lazima aende. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba akiuliza mara ya pili nitasema ndiyo. Hakuuliza.